Kabla Hujapiga Kiki: Kufufua Pikipiki Kuukuu ya Kuchanganya Oili

Ukiingia uani kwa watu huku kwetu wilayani Karatu, iwe Rhotia, Mbulumbulu au Endabash, usishangae kuikuta imeegemezwa ukuta wa banda, nyuma ya magunia ya mbaazi. Tangi limeshika kutu, kiti kimechanika na kuku wanatagia humo, lakini madigadi ya mbele bado yamekaa juu, mbali na tairi, kama yalivyotoka kiwandani. Hiyo ni Yamaha DT, au AG100, au Suzuki TF125. Ni pikipiki za kuchanganya oili, zilizombeba bwana shamba, bwana mifugo, mganga wa zahanati na katekista miaka ile ambayo kutoka Karatu kwenda popote kulikuwa vumbi au tope. Lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo, mlio mkali wa juu wa pikipiki hizi ulikuwa unasikika kilima kizima, na watoto walijua nani anakuja kabla hajatokeza.

Hayo madigadi ya juu nayo yana maana yake. Tope letu la masika linang'ang'ania tairi kama ugali wa moto, na pikipiki yenye madigadi yaliyobana gurudumu husimama kabisa baada ya mita mia mbili. Yamaha walipotoa DT-1 mwaka 1968 waliikusudia njia za vichakani hasa: ekzosi iliyopita juu, shokapu ndefu, uzito mdogo. DT125 na DT175 zilizofuata zilikuwa wadogo zake, na ndizo zilizotawanyika Afrika nzima pamoja na AG100.

Siku hizi mafundi wetu wamekulia kwenye Boxer na TVS, ambazo oili yake inakaa chini ya injini na petroli yake inakwenda peke yake. Mpelekee kijana hodari wa bodaboda hii tustroki, yaani ya kuchanganya, na atakufanyia kazi safi ya breki, cheni na beringi za magurudumu. Ila injini ataitendea kama anavyoitendea Boxer, na hapo ndipo inapokufa mara ya pili. Ndiyo maana ninaandika. Zimebaki chache, na nyingi kati ya hizo chache zinauawa na watu wanaozipenda.

Makosa huanza na mpangilio wa kazi. Mtu akishainunua anakwenda kupiga rangi tangi, anashonesha kiti, ananunua taa, halafu siku moja anaweka petroli na kupiga kiki. Inawaka! Mtaa mzima unashangilia. Baada ya wiki mbili, akiwa anapanda mlima, injini inajamu. Mimi nakuomba uanze na hewa: hewa inayoingia mahali isipotakiwa. Rangi itakusubiri.

Injini hii inapumua kwa tumbo. Kwenye Boxer chumba cha krenki kina oili na kazi yake ni kulainisha. Kwenye DT chumba hicho ndicho pampu. Pistoni ikipanda, mchanganyiko wa hewa, petroli na oili unavutwa kutoka kwenye kabureta na kuingia chini yake. Ikishuka, mchanganyiko huo unabanwa na kurushwa juu kupitia matundu ya ubavuni mwa silinda. Kwa hiyo chumba cha krenki lazima kizibe kabisa, kama tyubu ya tairi. Kinachokiziba pande mbili za krenki ni pete mbili za mpira, yaani sili. Pikipiki iliyolala miaka kumi na tano bandani sili zake zimekauka na kuwa ngumu kama kwato. Zinavuja, na kwa macho huoni kitu.

Sili ya kushoto, upande wa magineto, ikivuja inavuta hewa kavu ya nje. Mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, na kwa kuwa oili inasafiri na petroli, oili nayo inapungua. Dalili yake ni kwamba unaachia moto na injini inaendelea kulia juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Mtu asiyejua atasema pikipiki ina nguvu siku hizo. Sili ya kulia, upande wa klachi, ikivuja injini inavuta oili ya giaboksi na kuichoma. Moshi unakuwa mzito usioisha hata injini ikipata moto, na oili ya gia inapungua wakati chini hakuna tone. Yote mawili nitakuonyesha namna ya kuyapima kwa kifaa kilichopo karibu kila zahanati. Lakini kwanza tuinunue pikipiki yenyewe.

Mwenye nayo mara nyingi ni mzee, na mara nyingi ina kumbukumbu yake ndani. Nenda kwa heshima. Mimi niliyonayo niliipata baada ya kwenda mara tatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umerudi tena kwa ajili ya hilo pikipiki?"

"Nimerudi, mzee. Leo nimekuja na spana, kama utaniruhusu niichungulie tu."

"Ichungulie. Ila usiipige kiki kwa nguvu. Mimi nilipoiacha ilikuwa inalia vibaya."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa na thamani kuliko spana zangu. Muulize mwenyewe ilisimama vipi. Ikiwa iliishiwa tairi au petroli ikapanda bei akaiacha, una bahati. Ikiwa ilizima njiani ghafla na kiki ikagoma, jiandae kwa pistoni na silinda.

Kabla ya bei, fungua vitu vitatu. Toa plagi, ziba tundu lake kwa dole gumba, mwambie mtu apige kiki taratibu. Dole lisukumwe nje kwa nguvu. Kisha fungua kifuniko cha magineto upande wa kushoto, shika lile gurudumu zito na ujaribu kulisukuma juu na chini. Likicheza hata kidogo, beringi za krenki zimekwisha, na hiyo ni kazi ya kupasua injini nzima. Cha tatu ndicho ninachokipenda, kwa sababu injini ya kuchanganya inakuruhusu kuiona roho yake bila kuifungua: legeza nati mbili za ekzosi, ivute pembeni, washa tochi ya simu na utazame ndani ya tundu. Pistoni iko pale mbele yako. Izungushe taratibu kwa kiki na uone ubavu wake. Mikwaruzo midogo ya wima inavumilika. Alumini iliyopakazwa kama siagi ina maana kwamba iliwahi kujamu. Ringi zikipita tundu, zisukume kidogo kwa kijiti cha mti. Zikibonyea na kurudi ziko hai, zikikaa kimya zimegandishwa na masizi.

Ikiwa kiki haisogei kabisa, usipande juu yake kwa uzito wa mwili. Mwaga dizeli kidogo kwenye tundu la plagi, funika, rudi baada ya siku nne. Nyundo kwenye pistoni iliyoganda huvunja kitu ambacho hutakipata Arusha.

Halafu kadi. Hapa watu wengi wanatokwa na pesa. Pikipiki hizi nyingi zilikuwa za serikali au za miradi ya wafadhili, na kibao chake kinaweza kuwa bado kinaanza na STK au DFP. Kibao cha namna hiyo kinakuambia kwamba mali ni ya serikali au ya mradi mpaka iwe imeuzwa kwa utaratibu, na karatasi za mauzo hayo ziwepo. Mzee anaweza kuwa aliachiwa kwa nia njema mradi ulipofungwa, naye hana kosa, lakini wewe hutaweza kuisajili kwa jina lako. Linganisha namba ya chesesi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi, na namba ya injini vilevile. Zikilingana, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, beba kadi halisi na namba zenu za mlipa kodi, muende TRA. Zisipolingana, ipende ukiwa mbali, au inunue kwa bei ya spea tu.

Sasa imefika nyumbani. Wiki ya kwanza usiiwashe.

Anza na tangi, kwa sababu ndilo linalotaka muda. Kutu ya ndani ikishuka itaziba kabureta kila baada ya kilomita mbili na utadhani una tatizo la umeme. Toa bomba la petroli, ziba tundu, tumbukiza kipande cha cheni ya baiskeli uliyoisafisha, mimina siki lita tatu au nne, tikisa, laza ubavu mmoja, kesho ubavu mwingine. Siku ya tatu mwaga, suuza, kisha weka maji yaliyoyeyushwa magadi, yale yale yanayolainisha maharage jikoni, ili kuua ukali wa siki uliobaki. Kausha juani haraka na upake ndani petroli iliyochanganywa na oili, maana chuma kilichosafishwa hushika kutu upya ndani ya saa moja. Tangi likiwa na tundu, usikubali fundi aliguse na moto wa kuchomelea kabla ya kuoshwa na kujazwa maji karibu pote. Mvuke wa petroli unakaa ndani ya tangi miaka, na watu wamekufa kwa hilo.

Wakati siki inafanya kazi, fungua kabureta. Jeti zizibuliwe kwa hewa na uzi mmoja laini wa waya wa umeme, kamwe isiwe sindano ya kushonea, kwa sababu tundu likipanuka hata kwa unywele vipimo vyote vimepotea. Kati ya kabureta na injini kuna vibati vyembamba vya chuma vinavyofunguka injini inapovuta na kujifunga inaposukuma. Viinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kwenye ncha, au kona imevunjika, badilisha. Kipande cha kibati kikiingia ndani kinakwenda moja kwa moja kwenye krenki.

Sasa kipimo nilichokuahidi. Tafuta mashine kuukuu ya kupimia presha ya damu, ile ya mkono yenye mpira wa kukamua na saa yenye mshale. Haihitaji kile kitambaa cha kufunga mkononi, unachotaka ni mpira, saa na mirija. Chukua plagi mbovu, vunja udongo wake mweupe wote utoke, na mahali pake uchomeleshe kijibomba kidogo ambacho mrija wa mashine utaingia na kubana. Hiyo ndiyo njia ya kuingizia hewa.

Toa ekzosi. Kata kipande cha mpira kutoka tyubu ya trekta, kiweke kwenye tundu la ekzosi, juu yake weka bati nene lililotobolewa sawasawa na vile vishina viwili vya nati, ukaze. Toa kabureta, lakini ule mpira unaoishikilia uuache mahali pake, kwa sababu nao tunaupima. Chonga kipande cha mti laini kiingie ndani ya mpira huo, ukibane kwa klempu yake. Kuna kijimrija cha oili kinachoingia hapo jirani kutoka kwenye pampu. Kitoe na uzibe tundu lake kwa kiskurubu chenye kipande cha mpira. Zungusha kiki mpaka pistoni iwe chini kabisa. Hapo matundu ya ubavuni yako wazi, na silinda na chumba cha krenki vimekuwa chumba kimoja. Funga ile plagi yako yenye bomba.

Kamua mpira polepole huku ukiangalia saa. Simama kwenye 260. Usizidishe, kwa maana presha kubwa inaweza kuzisukuma sili nje ya makao yake. Funga kiskurubu cha kuachia hewa na tazama mshale kwa dakika moja. Ukishuka kwa 50 au pungufu, injini inaweza kutembea. Ukianguka kama jiwe, chukua povu la sabuni na brashi ya kunyolea, upake mahali pamoja baada ya pengine: maungio ya silinda na chumba cha krenki, kichwa cha silinda, mpira wa kabureta, sili ya magineto. Panapovuja patachemka vipovu vidogo, na utaviona vikikua na kupasuka. Kama nje hakuna popote panapochemka na mshale bado unashuka, fungua kizibo cha oili ya gia, paka povu kwenye tundu lake, kisha kamua tena. Vipovu vikiinuka hapo, sili ya kulia imekwisha.

Mara ya kwanza nilipoifanya kazi hii kwenye DT yangu mshale ulianguka kutoka 260 hadi sifuri kabla sijahesabu hadi nne. Sili ya magineto ilikuwa inapumua hadharani. Na pikipiki hiyo hiyo ilikuwa imewaka bandani kwa mzee, ikatembea kijijini siku ile, tukaisifu. Kama ningeipandisha mlima wa Rhotia kwa hali ile ingejamu kabla ya kileleni.

Sili hazina ugumu kuzipata ukijua kusoma. Kwenye ubavu wa mpira kuna namba tatu: upana wa ndani, upana wa nje, unene, vyote kwa milimita. Beba ya zamani mkononi. Jaribu Arusha kwanza. Ukikosa, mtu wako wa Dar azunguke Kariakoo na Gerezani, au anayekwenda Nairobi apite Kirinyaga Road. Sisitiza sili inayostahimili petroli na mzunguko wa kasi, maana zipo za namba zile zile zilizotengenezwa kwa ajili ya pampu za maji na zitaharibika ndani ya mwezi mmoja. Beringi za krenki nazo zina namba ubavuni. Baada ya namba hakikisha kuna alama C3, inayoonyesha kwamba ina nafasi ya kutanuka ikipata moto.

Kama pistoni ulivyoichungulia ilikuwa imepakaa, silinda itakwenda kuchongwa. Pistoni za Yamaha za ovasaizi huja kwa hatua za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00. Nunua pistoni kwanza, halafu uipeleke pamoja na silinda, ili ichongwe kwa kuifuata hiyo pistoni yenyewe. Usikubali wachonge kwanza ndipo utafute.

Na hapa nina jambo ambalo lilinigharimu. Silinda ya Boxer ni bomba tupu, laini toka juu mpaka chini. Silinda ya tustroki ina madirisha ubavuni, na mashine ikishapita, kingo za madirisha hayo zinabaki kali kama wembe. Kingo hizo lazima zichongwe kwa mkono, kwa tupa ndogo na msasa, ziwe na mteremko mdogo, ili ringi ikipita iteleze na isinase. Karakana niliyokwenda ilichonga vizuri sana, ikanirudishia silinda inayong'aa, nami nikafunga bila kupitisha kidole. Kilomita thelathini baadaye ringi ilinasa kwenye dirisha la ekzosi, ikavunjika, ikachana kila kitu. Siku hizi, kabla ya kufunga, napitisha kidole kwenye kila dirisha. Kikikwaruzwa, silinda inarudi mezani. Pia angalia mshale juu ya pistoni uelekee kwenye ekzosi, na kila ringi midomo yake ikutane kwenye kile kijipini kilichomo kwenye mfereji wake. Ringi ya tustroki haizunguki kama ya Boxer, na ukiilazimisha juu ya pini utaivunja wakati wa kuteremsha silinda.

Umeme nitaupita haraka. Plagi mpya, waya wa plagi ukatwe nusu sentimita mwisho wake, kifuniko cha plagi kipya. Kama cheche ni ya njano na dhaifu, koili iliyo chini ya magineto inaweza kusukwa upya na fundi wa mota za pampu, na kwa bei nafuu. Taa za nyingi kati ya hizi ni za volti 6 na hazitakuridhisha usiku hata zikiwa nzima. Panga safari zako za mchana.

Oili ndiyo inayowachanganya watu wengi zaidi. Kwenye DT nyingi kuna tangi dogo la pembeni na pampu ya Autolube, utaratibu ambao Yamaha waliuanzisha mwaka 1964, inayopeleka oili yenyewe kulingana na moto unaoupa. Inafanya kazi vizuri mno ikiwa nzima, lakini pampu iliyolala miaka usiiamini mpaka umeona kwa macho oili ikisukumwa bila mapovu ya hewa kwenye mrija. Hadi hapo, changanya kwenye petroli. Wengi hupima kwa kofia ya chupa au kwa makadirio, na makadirio yameua injini nyingi kuliko vumbi. Nenda duka la dawa ununue sindano ya mililita 20, uitoe ncha. Kwa injini iliyofungwa upya, mililita 40 za oili ya 2T kwa kila lita ya petroli. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inataka sindano tatu kamili. Ikishazoea, na kama pampu hutumii, shuka hadi mililita 33. Pampu ikiwa nzima na unataka tu uhakika kwenye tangi la kwanza, mililita 20 kwa lita zinatosha juu ya kile pampu inacholeta. Tikisa chupa kabla ya kumimina. Na iwe oili ya 2T kweli. Ile ya Boxer haikutengenezwa kuchomwa, itaacha masizi kwenye ekzosi na kwenye ringi mpaka injini ishindwe kupumua.

Vumbi letu jekundu la kiangazi nalo linahitaji heshima. Sponji ya zamani ya ekilina, yaani ya kuchuja hewa, ikishikwa itapukutika kama keki, hivyo utahitaji mpya, na utashawishika kukata kipande cha godoro. Usifanye hivyo. Sponji ya godoro ikilowa petroli inayeyuka na kumegeka, na vipande vinaingia injini. Tafuta sponji ya ekilina, iloweshe oili, ikamue mpaka isidondoke, na kiangazi uioshe kila urudipo kutoka Mang'ola, kule chini kando ya Ziwa Eyasi. Kati ya Juni na Oktoba barabara ile ina unga unaofika kwenye kifundo cha mguu.

Sasa mwinuko wa nchi yetu. Karatu iko kwenye mita 1,500 hivi, na presha ya hewa yake ni kama asilimia 85 ya ile ya Tanga. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unakaribia mita 2,300, na huko hewa ni takriban robo tatu tu. Pikipiki iliyokuja kutoka Dar na jeti zake za pwani itakuwa inakunywa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: itatoa moshi, itaua plagi, itachoka milimani, na watu watakuambia ringi zimekwisha. Kabla ya kuamini hivyo, punguza jeti kuu hatua moja na uijaribu. Kinyume chake ni hatari zaidi. Ukiirekebisha ikaimba vizuri hapa Karatu halafu ukaiuza Tanga, mwambie mnunuzi arudishe jeti kubwa kabla ya kuikimbiza, la sivyo ataiyeyusha pistoni.

Siku ya kuwasha, washa nje ya banda, asubuhi, bila haraka. Iache ilie dakika tatu, uizime, iache ipoe kabisa hadi uweze kuishika silinda kwa mkono mtupu. Rudia mara tatu. Ikiwa ya baridi, kaza tena nati za kichwa cha silinda. Safari ya kwanza iwe ya kilomita tano kwenye barabara tambarare za Mbulumbulu, ukipandisha na kushusha moto, usikae kwenye mwendo mmoja. Usichague barabara ya hifadhi kwa majaribio. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa mwaka 1959, lina taratibu zake kali juu ya pikipiki, na pale lango la Loduare mgeni aliyekuja na pikipiki hurudishwa. Karatu ina njia za kutosha nje ya lango.

Njia ninayoipendekeza kwa mtihani wa kweli ni kuteremka Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu kando ya Ziwa Eyasi, karibu mita 500 chini ya Karatu mjini. Na hapa ndipo wazoefu wa Boxer hukosea. Kwenye mteremko mrefu wao huingiza gia, wanaachia moto, injini inashikilia pikipiki. Ukifanya hivyo kwenye pikipiki ya kuchanganya, umefunga kabureta wakati injini inazunguka kwa kasi, na ukifunga petroli umefunga oili. Pistoni inashuka na kupanda ikiwa kavu. Kwa hiyo kila baada ya sekunde chache shika klachi, upige moto kidogo, injini ilowe, kisha achia. Breki za ngoma utazitumia zaidi kuliko ulivyozoea, kwa kuwa injini hii haina ushikaji mkubwa, basi zikague kabla ya kuondoka, na ukisikia zinanuka simama zipoe. Ukiteremka ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mto wa Mbu fanya vivyo hivyo.

Ukifika Mang'ola tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, ipe moto wote gia ya tatu kwa sekunde chache, kisha kwa pamoja zima injini na ushike klachi, ujiburute mpaka kivuli cha mgunga. Toa plagi kwa kitambaa, ni ya moto. Tazama ule udongo unaozunguka ncha. Rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri, iliyo tayari kutwangwa, hiyo ndiyo unayoitaka. Ikiwa nyeusi na imelowa, inakunywa mno: punguza jeti kuu hatua moja. Ikiwa nyeupe kama chokaa, au ina vijitone vinavyometa vya alumini, usirudi juu kwa kuiendesha. Omba lifti kwenye lori la vitunguu, uilaze juu ya magunia ukiwa umelifunga tangi, na kesho utoe tena mashine ya presha.